Bastola zinazojificha kama kadi ya benki: maoni yangu kabla hujatoa hela

Wabongo na Wakenya wa huku Texas wananiuliza sana kuhusu hizi bastola za ajabu ajabu za akiba, yaani ile ya pili unayokaa nayo endapo ya kwanza imegoma au hukuweza kuibeba. Basi naandika hapa mara moja.

LifeCard ya Trailblazer, kampuni ya North Carolina. Ukiikunja inakua kama kadi ya benki, sm 8.5 kwa 5.4, unene kama 1.3, uzito gramu 200 hivi. Imetengenezwa vizuri kweli, hapo siwabanii. Shida risasi ni moja tu, .22 (namba hizi ni kipimo cha upana wa risasi kwa inchi), hizo zingine nne zinakaa kwenye mpini na haziingii zenyewe. Afu ili ufyatue lazima uitoe, ukunjue mpini, ukoki, ndo uvute triga, na hiyo ni kazi ya mikono miwili. Sasa jambazi kashakukaba, mkono mmoja unamsukuma, hayo yote utayafanya na nini? Hata kwenye renji umesimama umetulia, mtutu mfupi vile unakupa tabu kulenga. Mi hapana, siiamini kwa kulinda uhai wangu.

Ile ya Ideal Conceal iliyotangazwa 2016, mitutu miwili, .380, ikikunjwa inafanana na simu, hiyo naipinga kabisa na napinga kwa moyo wote. Nyumba zetu zina watoto na mtoto wa siku hizi akiona simu mezani anaidaka. Na sheria ya Texas inakubana wewe mzazi, ukiacha silaha yenye risasi kizembe na mtoto chini ya miaka 17 akaifikia ni kosa.

Katika vidude hivi vyote kinachonishawishi kidogo ni rivolva ndogo ya North American Arms ya Utah. Risasi tano za .22 Magnum, gramu kama 180, silinda ina vijinafasi katikati ya matundu ambapo nyundo inapumzika, kwa hiyo unabeba zote tano kwa usalama. Haina kile kipete cha kuzunguka triga, kila risasi unakoki kwa dole gumba, na kujaza upya mpaka uichomoe silinda, usitegemee kabisa kujaza katikati ya vurugu. Ila ukiitoa imeshakua bastola, hamna kukunjua kitu.

Lakini ndugu zangu kwa nini tuhangaike? Bastola ndogo ya Ruger LCP ipo tangu 2008, .380, sita kwenye magazini, gramu 270 tu. Smith & Wesson 642 ni rivolva ya risasi tano za .38, nyundo imefichwa ndani hainasi kwenye nguo. Zote zinakaa mfukoni na holsta yake, yaani kifuko cha bastola, ya kufunika triga. Hela yangu ingeenda hapo.

Sheria sasa, na hapa tusome taratibu. LifeCard haiwezi kufyatua ikiwa imekunjwa, ndo maana inauzwa kama bastola ya kawaida. Ila kuna holsta za pochi zenye tundu la kidole, unafyatua bila kuitoa, ukiunganisha na bastola serikali kuu inahesabu ni silaha ya kundi maalum chini ya sheria ya 1934, ni lazima isajiliwe kabla, na nyingi ya zile kalamu zinazofyatua risasi zinaangukia humo humo. Ukikutwa nayo haijasajiliwa ni mpaka miaka 10 jela. Kwa mtu mwenye grinikadi hiyo ni kesi inayoweza kumrudisha nyumbani, usikubali kuuziwa kipochi mtandaoni kisa bei poa.

Na kubeba bila kibali Texas tangu Septemba 2021 inaruhusu miaka 21 kwenda juu, lakini haimruhusu yule ambaye sheria ya serikali kuu imeshamkataza. Mwenye viza ya mwanafunzi au ya kutembea kwa kawaida haruhusiwi hata kuimiliki, isipokua misamaha michache kama leseni ya kuwinda. Mwenye grinikadi ruksa. Na usimnunulie mshkaji ambaye haruhusiwi ukajaza ile fomu ya dukani ya kununulia silaha kwa jina lako, hilo ni kosa la jinai kwako wewe.

Ukubwa mdogo una hatari nyingine, unasahau kama unayo. 2023 TSA, wale wakaguzi wa usalama wa viwanja vya ndege, walikamata silaha 6,737 na nyingi zilikua na risasi ndani, na mwaka ule faini ilikua inaweza kukaribia dola elfu 15. Kwa hiyo ukishanunua iwe na begi lake moja tu, na hilo begi usisafiri nalo. Na kama makaratasi yako ya uhamiaji bado yapo njiani, muone wakili wa uhamiaji kwanza kabla hujaingia dukani.