Ada ya deikea: kila asubuhi au mwisho wa mwezi?

Hapa Kayole, Nairobi, ninapoendesha deikea, yaani mahali pa kulea watoto wazazi wakiwa kazini, mama anayefulia watu nguo hulipwa siku hiyo hiyo. Ukimngoja hadi mwisho wa mwezi, siku 26 kwa shilingi 100 ni deni la 2,600, naye anaanza kupita njia ya nyuma. Wewe umekosa pesa, mtoto amekosa uji wa saa nne. Kwake nachukua 100 mlangoni, taslimu au kwa M-Pesa, naandika daftarini akiona. Akikosa leo, tunaongea. Ubaya wake ni kwamba siku asipopata kibarua, mtoto haji, na hilo huniuma.

Malipo ya mwezi yanamfaa mwenye mshahara, tena alipe mapema, kufikia tarehe 5. Faini ya kuchelewa sitozi. Aliyekosa 100 leo, 150 atazitoa wapi kesho?