Mashini ya osmosi kwangu Keshero, na membrani moja niliyoizika

Wandugu, mi niko Goma, Keshero, maji yetu ni ya ziwa inakuja na bidon, na kila mutu wa hapa anajua ladha yake, si chumvi ya bahari lakini ulimi unaisikia, ukichemsha kunabaki ukoko mweupe chini ya birika. Nilichemsha miaka mingi. Kumbe madoa ya kahawia kwa meno ya binti yangu, daktari wa meno akanieleza ni fluori ya mawe ya volkano, na kuchemsha haiitoi, ni mvuke tu inaenda, fluori inabaki ikikolea. Ile siku sikulala.

Nikatoa dola 260, nikanunua mashini ya osmosi ya kusafisha maji. Maji inapita kwanza filtre ya uzi inayoshika matope, halafu filtre mbili za makaa, halafu membrani yenyewe, ni utando mwembamba sana unaopitisha maji, njo kazi iko pale. Kwa asili maji inavutwa kwenda upande wenye chumvi nyingi, sasa pompi inailazimisha kurudi, maji inapenya utando peke yake, chumvi na fluori karibu yote zinabaki nyuma na kumwagwa. Yangu inatosha msukumo wa bar 5 ao 6, za bahari zinahitaji 55 mpaka 70, juu chumvi nyingi ya bahari inapinga sana. Nilipima na kakipimo ka TDS, kanaonyesha miligramu za chumvi na madini zilizoyeyuka kwa litre: bidon 640, robine ya mashini 29! Nikaita mama wa watoto aje aone, akaonja, akanyamaza, akajaza glasi ya pili.

Mwezi wa tano namba ikaanza kupanda, 29, 70, siku moja 210. Teknisie aliyeniwekea akasema nunua mashini mupya. Mi nikafungua mwenyewe, nikakuta filtre za makaa ni zile zile za siku ya kwanza, nyeusi na utelezi, hakuwahi kuniambia zinabadilishwa. Na maji yetu inatiwa klore kule pwani ya ziwa juu ya kolera, jambo jema kabisa, lakini klore inakula membrani, makaa njo yanaikinga. Hiyo inaniuma mpaka leo, neno moja tu lingetosha. Membrani mupya dola 45, makaa nabadilisha kila miezi minne, kipimo kimerudi 31.

Umeme ukikatika pompi inalala, basi tanki yake ndogo tunaijaza usiku. Kinachouma zaidi ni maji ya kumwaga: kupata bidon moja safi, tatu zinatoka kwa mupira wa taka, na siye bidon tunalipia kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo! Tulikuwa tunaziacha ziende, sasa mupira unaingia kwa pipa la bluu, tunasugulia nyumba na kumwagia choo, bustani hapana, chumvi imejikusanya mle.

Tena pimeni robine kila wiki, msingoje ladha, ulimi wangu haukuisikia ile 70. Makaa sita ya akiba yako kwangu kwenye kabati, karibu na mfuko wa fufu.