Fleti za ghorofa kumi Roysambu, Zimmerman na Githurai: unalipia nini hasa?

Majumba haya yanafanana kiasi kwamba ukishakagua matatu, la nne utaliingia ukijua swichi ya shawa iko ukuta gani. Kwa hiyo hapa hatupimi jumba moja bali aina nzima: bedsita (chumba cha kulala na jiko pamoja) na fleti za chumba kimoja katika maghorofa ya 7 hadi 10 yaliyoota kando ya Thika Road, Nairobi, tangu barabara ipanuliwe na kufunguliwa rasmi mwaka 2012. Ploti ni ya futi 50 kwa 100, ambayo zamani ingetosha nyumba moja ya chini, ua na mparachichi. Leo ina milango 80. Barabara ilipanuliwa, lakini bomba la maji, bomba la maji taka na transfoma ya mtaa aghalabu vilibaki vile vile. Kasoro nyingi tunazozitaja zinatoka hapo.

Tuanze na kizuri, maana kipo. Kutoka Roysambu hadi tao, yaani katikati ya jiji, ni kilomita 12 hivi, na matatu hazikatiki tangu alfajiri hadi usiku. Njia imezoeleka hivi kwamba namba za matatu zimegeuka majina ya mitaa: Githurai 44 na Githurai 45. Ila chunguza upande wa barabara. Roysambu, Mirema na Zimmerman ziko upande wa kutoka tao. Jioni unashuka na kuingia mtaani moja kwa moja, lakini asubuhi lazima uvuke daraja la miguu ndipo upande gari la kwenda mjini. Anayeishi upande wa Kasarani hali yake ni kinyume: asubuhi yuko steji bila kuvuka. Kwa mtu anayeanza kazi saa moja, tofauti hiyo ina thamani kuliko vigae vinavyong'aa.

Ajenti atakwambia «dakika 20 mpaka tao». Ni kweli Jumapili. Siku ya kazi foleni huanza Muthaiga na kukaza Pangani, kwa hiyo wingi wa leni huku juu haukusaidii kule chini. Kuhusu BRT, mabasi ya kasi yanayoahidiwa leni yao wenyewe, usilipe hata shilingi moja ya kodi kwa ajili yake: mstari mwekundu ulichorwa barabarani miaka iliyopita na matatu zimekuwa zikiukanyaga tu. Gari moshi la Ruiru linapita Githurai na Kahawa, na halijui foleni, lakini safari ni chache. Linamfaa mwenye saa za kazi zisizobadilika.

Sasa maji, ambako ndiko watu wengi huumia. Nairobi imekuwa ikigawa maji kwa zamu tangu mwanzoni mwa 2017, na kila mtaa una siku zake. Piga hesabu kabla ya kuangalia rangi ya ukuta. Milango 80, watu 3 kila mlango, lita 60 kwa mtu: lita 14,400 kwa siku. Matangi mawili ya lita 10,000 unayoyaona juu ya paa hayafikishi hata siku moja na nusu. Kama mtaa unapata maji siku 2 kwa wiki, jumba linahitaji akiba ya siku 5, yaani lita 72,000. Akiba hiyo haiwezi kukaa paani. Lazima kuwe na tangi la ardhini la kama mita 4 kwa 5 na kina cha mita 2 na nusu, ambalo ni lita 50,000, pamoja na hayo ya juu. Muulize msimamizi wa jumba akuonyeshe mfuniko wa tangi la chini. Akikuonyesha pampu iliyounganishwa moja kwa moja na bomba la mtaa, ujue tangi hakuna, na siku za ukame utabeba mitungi ya lita 20 kwa ngazi.

Majumba mengi hujazia kwa kisima. Maji ya kisima ni mazuri ya kufulia na kusuuza choo, lakini visima vingi vya Nairobi vina floridi iliyozidi kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na ndiyo inayotia meno ya watoto rangi ya kahawia. Kuchemsha hakuiondoi. Kinyume chake, maji yakipungua sufuriani floridi iliyobaki huzidi ukali. Mwenye mtoto chini ya miaka 8 anunue maji ya kunywa.

Halafu presha. Kila mita 10 za kimo ni baa 1 ya presha. Ghorofa ya juu kabisa ina tangi mita 2 na nusu tu juu ya kichwa cha shawa, sawa na robo ya baa, na shawa nyingi za papo kwa papo haziwaki kwa presha hiyo: maji yanatiririka baridi na wewe unalaumu fundi. Ghorofa ya chini inabeba kimo chote, baa 3, kwa hiyo vali ya tangi la choo inachakaa mapema na maji yanachuruzika usiku kucha. Kama bili ya maji hugawanywa sawa kwa milango yote, mchuruziko huo unalipiwa na kila mtu. Dai mita yako ya maji au kiwango maalumu cha mwezi kilichoandikwa kwenye mkataba.

Tukiwa bado bafuni, kuna stima. Shawa ya kawaida huku ni ya wati 5,500. Kwa volti 240 inavuta karibu ampea 23. Waya wake uwe wa milimita 4 za mraba kwa uchache, na 6 ndiyo salama zaidi. Mafundi wanaokimbizana na bajeti hupitisha 2.5, ule wa soketi, kisha wanaufunga kwenye breka ya ampea 32. Hapo waya utaungua kabla breka haijashtuka. Namna ya kupima: washa shawa dakika 10, zima, kausha mikono, gusa jalada la swichi kwa nyuma ya kidole. Vuguvugu kidogo si neno. Likiwa moto, au likitoa harufu ya plastiki, usioge tena mpaka fundi mwenye leseni afungue. Hata waya ukiwa sawa, alfajiri ina adha yake: shawa 8 tu kati ya 80 zikiwaka pamoja ni kilowati 44, na feizi (mkondo mmoja kati ya mitatu inayoingia jumbani) iliyobebeshwa milango mingi ndiyo hukatika kwanza.

Bei ya stima yenyewe inategemea mita ni ya nani. Tangu Aprili 2023 matumizi ya nyumbani yana ngazi tatu: hadi uniti 30 kwa mwezi, 31 hadi 100, na zaidi ya 100. Mtu wa bedsita anayepika kwa gesi anaweza kubaki ngazi ya chini. Lakini kama jumba lina mita moja kubwa ya Kenya Power, na mlangoni kwako kuna mita ndogo ya mwenye nyumba, milango yote inahesabiwa kama mteja mmoja mlafi, na wote mnalipa bei ya juu. Juu ya hapo kampuni ya mita ndogo huongeza ada yake. Kipimo ni rahisi: muulize jirani analipia tokeni namba gani ya M-Pesa. Ikiwa 888880, ni mita ya Kenya Power. Ikiwa namba nyingine, uliza na bei ya uniti, si ya kodi tu. Bedsita ya 12,000 yenye mita ndogo inaweza kukugharimu kuliko ya 12,500 yenye mita yako.

Ngazi na lifti tuzimalize haraka. Ghorofa moja ni ngazi 17 au 18. Ghorofa ya 7 bila lifti ni kama 120, na mtungi wa gesi ya kilo 13 uliojaa una uzito wa karibu mara mbili ya gesi iliyomo. Chukua wa kilo 6. Kwenye majumba yenye lifti, malalamiko ya kawaida ni kwamba moja haitoshi. Inaweza kutosha watu 240 wa milango 80 ikiwa inafanya kazi. Ubaya wa lifti moja ni kuharibika, maana hakuna mbadala. Tafuta karatasi ya ukaguzi ndani yake, na uulize kama jenereta inaihudumia lifti au taa za korido pekee. Tazama pia mlango wa paa na mlango wa nyuma: vikifungwa kwa kufuli «kwa sababu ya wezi», moto ukizuka mna ngazi moja tu, na ndiyo itakayojaa moshi.

Mwanga ni suala la ghorofa na upande. Ploti ya futi 50 ikijengwa hadi mpakani, vyumba vya katikati hupumulia kwenye shimo la mwanga la mita 2 hivi. Chini ya ghorofa ya 3 shimoni humo ni taa mchana kutwa, nguo hazikauki, na ukungu mweusi huanza kwenye kona ya dari nyuma ya kabati. Na hata upande wa barabara usijifariji: ploti ya jirani ikiwa bado na nyumba ya mabati, mwaka ujao ni ukuta mbele ya dirisha lako. Hili tumeona wengi wakilisahau, wanalipa zaidi kwa ajili ya mandhari ambayo si mali ya mwenye nyumba wao.

Harufu ya choo katika nyumba mpya mara nyingi si uchafu. Kikombe cha maji cha kwenye sakafu ya bafu, kinachozuia harufu, kimekauka, au kinanyonywa kila wa juu anapovuta choo kwa sababu bomba la hewa halipo au limeziba. Kwa la kwanza, mwaga lita moja ya maji kila wiki. La pili ni kazi ya mwenye nyumba.

Nyufa: mistari myembamba kama unywele kwenye plasta ni ya kawaida mwaka wa kwanza. Ufa wa mshazari unaotoka kona ya dirisha na kupitisha sarafu, au ufa unaofuata nguzo wima ukiwa na kutu, ni wa kumwita mhandisi, si wa kupakwa rangi. Mtaani Huruma, Nairobi, mwezi Aprili 2016 jumba liliangukia watu karibu na mto baada ya mvua, na waliokufa walizidi 40. Jumba lililo kwenye bonde la mto liache, hata kodi iwe nusu.

Kwa jumla tunaipa aina hii ya nyumba nyota 3 kati ya 5. Mtu asiye na familia anayefanya kazi tao, Ngara au Pangani anapata thamani ya hela yake. Familia yenye watoto wawili haipati: hakuna pa kuchezea ila korido na maegesho, na maji ndiyo hayo. Ghorofa nzuri ni ya 3 hadi ya 5, upande usiotazama shimo: presha ya wastani, ngazi za kuvumilika, mwanga upo.

Kabla ya kulipa amana, nenda Jumanne au Jumatano saa moja usiku, wakati wote wamerudi, ufungue bomba na uwashe taa. Kisha omba ufunguo wa paa. Hesabu matangi, gonga ubavu wa kila moja kutoka chini kwenda juu, sikiliza mlio unabadilika wapi. Hapo ndipo maji yalipo.