Siku nne Bagamoyo mwezi wa Oktoba: uzoefu wangu wa kupanga safari ya pwani kutoka Dodoma

Kwa sisi tunaoishi Dodoma, Oktoba ndio mwezi ambao hamu ya bahari hutushika kuliko mwezi mwingine wowote. Majani yamekauka, zabibu za msimu wa pili zinaelekea kwisha, upepo unapeperusha vumbi hadi ndani ya makabati, na mvua ya kwanza bado iko mbali. Mwaka 2024 kumbukizi ya Mwalimu Nyerere, tarehe 14 Oktoba, iliangukia Jumatatu, nami nikaomba ruhusa ya Jumanne ili nimpeleke mama yangu mzazi pamoja na wanangu wawili, mmoja wa miaka kumi na mmoja na mwingine wa miaka sita, wakaione bahari. Mama ni mzaliwa wa Mpwapwa, ameshavuka miaka sabini, na bahari alikuwa ameiona kwenye televisheni tu. Naandika haya kwa ajili ya mtu wa bara ambaye, kama mimi wakati ule, anapanga safari ya pwani kwa kuangalia bei na picha, kwa sababu yapo mambo muhimu kuliko hayo mawili ambayo hakuna aliyenieleza.

Nianze na sababu ya kuchagua Oktoba. Pwani yetu huenda kwa pepo mbili: kusi, inayovuma kutoka kusini kuanzia karibu Aprili, na kaskazi, inayoshika kuanzia karibu Novemba hadi Machi. Mwezi wa Julai na Agosti kusi huwa na nguvu, bahari huchafuka, na mtu mzima asiyezoea hatafurahia kupanda chombo. Kufikia Oktoba kusi imelegea, kaskazi haijaanza, na mvua za vuli kwa kawaida ndiyo kwanza zinajikusanya. Kwa hiyo kuna majuma machache ambayo bahari hutulia na barabara bado ni kavu. Wageni kutoka Ulaya, ambako wakati huo majani ya miti hupukutika na baridi huanza, nao hulitambua hilo, lakini wingi wao haufikii ule wa Julai na Agosti wala wa Desemba. Mwenye nyumba niliyofikia alikubali kupunguza bei bila mjadala mrefu, na sidhani kama angefanya hivyo wakati wa Krismasi.

Nilifikiria Zanzibar kwanza. Boti kutoka Dar es Salaam huchukua kama saa mbili, na baada ya safari ya treni sikutaka kumwongezea mama saa mbili nyingine juu ya maji ambayo hakuwahi kuyagusa. Pangani nilivutiwa nayo, ila kwa basi kutoka Dodoma ni safari ya kutwa nzima ya kupitia Chalinze na Segera. Bagamoyo iko kaskazini ya Dar es Salaam kwa kilomita zisizozidi sabini hivi, na mwenye gari lake anaweza kuifikia bila kuingia Dar es Salaam kabisa: ukifika Chalinze unashika barabara ya Segera hadi Msata, kisha unakata kulia kwa barabara ya lami ya kilomita 64 inayokufikisha Bagamoyo. Sisi hatuna gari, tukaenda kwa treni ya mwendokasi.

Treni hiyo inastahili sifa, na nazitoa kwa moyo mmoja. Nauli ya treni hiyo, ile ya kawaida na si ya haraka, ilikuwa shilingi 31,000 kwa mtu mzima na 15,500 kwa mtoto wa kati ya miaka minne na kumi na miwili, hivyo sisi wanne tulilipa 93,000 kwenda na kiasi hicho hicho kurudi. Nilikata tiketi mapema kwa simu, na ilikuwa bahati nilifanya hivyo, maana jirani yangu aliyengoja hadi katikati ya juma la sikukuu hakupata viti vya Jumamosi asubuhi. Hakikisheni majina yaliyoandikwa kwenye tiketi yanafanana na ya kitambulisho, na fikeni stesheni mapema, kwa sababu kuna ukaguzi wa mizigo kama wa uwanja wa ndege na treni haimsubiri mtu. Ndani ya behewa mama alikaa dirishani. Tulipita Igandu na Gulwe, nchi ileile ya mibuyu na makorongo makavu anayoijua, na tulipofika milima ya Kilosa treni ikaanza kuingia na kutoka kwenye mahandaki. Akanishika mkono katika handaki la kwanza. Katika la tatu alikuwa akiwahesabia wajukuu. Kwa mzee ambaye basi humvimbisha miguu, safari ya takriban saa nne kwenye kiti kilichotulia, chenye choo karibu, ni neema ambayo miaka miwili kabla hatukuwa nayo.

Kutoka stesheni ya Dar es Salaam tulikodi gari dogo, kwa kuwa kubadilisha daladala mbili na mzigo na mzee halikuwa jambo la busara. Foleni ya Mwenge hadi Tegeta ilitula muda mrefu kuliko nilivyopanga, na tulifika Bagamoyo saa kumi na moja jioni.

Hapo ndipo nilipopata somo langu. Nyumba ya wageni niliyochagua, ambayo sitaitaja jina, ilikuwa imenitumia picha sita, na katika zote sita maji yalikuwa yamefika chini ya ukuta wa bustani. Nilipopiga simu kutoka Dodoma niliuliza bei, nikauliza kifungua kinywa, nikauliza kama kuna vyandarua. Sikuuliza maji hujaa saa ngapi, kwa kuwa sikujua kwamba hilo ni swali la kuuliza. Tulipofika, mbele ya ukuta ule kulikuwa na tope la kijivu, mashua zimelala ubavu, na bahari yenyewe ilikuwa mstari mwembamba kule mbali. Mwanangu mdogo aliuliza kama tumekosea njia. Binti wa mapokezi alijibu kwa upole, "Maji yamepwa, dada. Kesho mchana yatakuwa hapa." Alisema kweli, na sina ugomvi na bahari; ugomvi wangu ni kwamba mtu anayeuza chumba kwa picha ya maji kujaa, na kumtoza mgeni wa bara malipo yote kabla ya safari, ana wajibu wa kumwambia saa za maji hayo.

Asubuhi iliyofuata mzee mmoja aliyekuwa akikalafati mashua, yaani akiziba nyufa zake, karibu na forodha ya zamani alinifundisha kwa dakika kumi mambo ambayo ningepaswa kuyajua kabla ya kulipa senti. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa karibu saa nzima kuliko jana yake. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na katika pwani hii tofauti huzidi mita tatu. Katika siku za bamvua maji hujaa alfajiri na tena kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni, na hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, yaani saa zilezile ambazo mgeni ameshiba chai na anataka kuoga. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu: hayajai sana wala hayapwi sana, na hujaa karibu na adhuhuri. Sisi tulikuwa tumefika siku mbili baada ya mwezi kuwa nusu. "Mmebahatika," akamwambia mama baada ya kumwamkia. "Mngekuja Alhamisi ijayo, mngetembea mpaka mchoke kabla hamjalowa." Alhamisi hiyo, tarehe 17, ilikuwa siku ya mwezi mpevu.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa yeyote anayepanga safari hii ni kuangalia mwezi kabla ya kuangalia bei. Mwenye watoto wadogo au mzee, achague siku za maji mafu, apate maji tulivu mchana kweupe. Mwenye kutaka kutembea juu ya mchanga na kuona wavuvi, wakusanya chaza na mizizi ya mikoko, achague bamvua, aamke mapema. Hakuna wakati ulio mbaya. Ubaya ni kufika na matarajio ya wakati mwingine.

Jambo la pili ni rangi ya maji. Mto Ruvu unamwaga maji yake katika Bahari ya Hindi karibu na Bagamoyo, na tope lake huyafanya maji ya hapa yawe ya kahawia kuliko yale ya samawati yanayoonekana kwenye picha za Zanzibar. Mwezi wa Oktoba, kiangazi kikiwa kirefu, mto hupungua na maji huwa na nafuu, lakini asiyeridhika na chochote isipokuwa maji ya kuona vidole vyako chini, aende kwingine. Sisi tuliridhika. Jumapili mchana maji yalirudi hadi ukutani kama binti wa mapokezi alivyosema, yenye uvuguvugu na yasiyo na mawimbi makubwa, na mama aliketi ndani yake akiwa na kanga zake mbili, maji yakimfika kiunoni, kwa muda wa saa nzima bila kusema neno.

Joto la pwani si joto la Dodoma, na hili nalo lapaswa kuingia katika mipango. Kwetu jua huwaka lakini kivulini unapoa na usiku unavuta shuka. Bagamoyo kuna fukuto: nguo hulowa umekaa tu. Tulibeba nguo nyingi zisizofaa. Chumba chetu kilikuwa na feni na kiyoyozi, vyote vikifanya kazi, na vyandarua visivyotoboka, jambo nililolishukuru kwa kuwa malaria ya pwani si ya kufananisha na ya Dodoma mjini.

Kosa kubwa la nyumba ile lilikuwa chumba. Niliomba chumba cha chini kwa sababu ya magoti ya mama, nikakubaliwa kwa simu, na tulipofika kilikuwa kimepewa watu wengine. Mama alipanda ngazi kumi na nane akishikilia ukuta. Meneja aliomba radhi na kesho yake mchana alituhamishia chini, lakini usiku ule mama hakutaka hata kushuka kula, na chakula nilimpelekea juu. Kwa shilingi 80,000 kwa usiku nilizokuwa nimeshalipa zote, jambo hilo halikupaswa kutokea.

Chakula, kwa upande mwingine, kilikuwa kizuri mno. Nawashauri msile hotelini kila mlo. Nendeni soko la samaki asubuhi mashua zinapoingia, mnunue changu au kibua mnadani, na wakaangaji walio papo hapo watawakaangia kwa malipo kidogo. Watoto wangu, waliozoea perege wa Mtera, walikula pweza kwa mara ya kwanza wakaomba tena.

Jumatatu tulikwenda Kaole, karibu na Bagamoyo, na hapo ndipo safari ilipobadilika kwa mama. Ni magofu ya mji wa Waswahili, yenye misikiti na makaburi ya matumbawe, na mwanzo wake hukadiriwa kuwa karne ya 13. Pana kisima ambacho maji yake ni matamu ingawa bahari iko karibu. Mtembezaji alikieleza kama muujiza, ila mama, aliyekulia kuchimba maji kwenye mchanga wa makorongo, alichungulia ndani, akauliza kina chake na aina ya udongo, kisha akaeleza mwenyewe jinsi maji ya mvua yanavyoweza kujihifadhi chini bila kuchanganyika. Mtembezaji alimsikiliza kwa heshima. Kisha tukaketi chini ya mbuyu mkubwa, na nikamsimulia kwamba misafara iliyoteremka kutoka Ujiji na Tabora ikibeba pembe za ndovu ilipita Ugogo, ikalipa hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa watemi wetu, ikapumzika Mpwapwa kwao, ndipo ikashuka hadi Bagamoyo. Alinyamaza kidogo akasema babu yake alikuwa akilitaja jina la Bagamoyo, naye alidhani ni jina la ngano. Kama mnatoka kwetu na mna mzee ndani ya nyumba, msiikose Kaole. Na mkibakiwa na muda, kanisa na makumbusho ya misheni iliyoanzishwa mwaka 1868 vinatosha nusu siku, ingawa kwa mtu anayetembea taratibu kuchanganya Kaole na misheni siku moja ni kumchosha.

Nyumba ile naipa alama tatu kati ya tano: usafi, chakula na ukarimu wa wahudumu vinastahili tano, ukweli wa picha na ahadi ya chumba vinaishusha. Mama ameshauliza kama tutarudi. Nimewapigia simu, tumekubaliana siku za maji mafu, nami nimewaambia kwamba nitatuma kianzio siku nitakapopokea risiti iliyoandikwa chumba cha chini.