Uzoefu wangu na ruzuku ya watafiti chipukizi wa fedha za umma

Ripoti ya mwisho imeshapokelewa na hesabu zimefungwa, kwa hiyo sasa naweza kusema. Nilipata ruzuku ya utafiti inayotolewa kwa watafiti chipukizi, yaani waliomaliza uzamivu miaka ya karibuni, katika fani ya fedha za umma na utawala. Jina la mfadhili naliacha. Masharti niliyoyakuta kwake yamejaa kwenye ruzuku nyingi za aina hii, na anayetaka kuomba atakutana nayo popote.

Nianze na swali ninaloulizwa zaidi: je, inafaa kuomba? Inafaa sana. Utafiti wangu unahusu malimbikizo ya madeni, yaani kwa nini wizara zinachelewa kuwalipa wazabuni na wakandarasi walioshamaliza kazi. Kazi hiyo haifanyiki mezani. Kitabu cha bajeti kinakuonyesha fedha iliyoidhinishwa, na ripoti ya ukaguzi inakuonyesha hoja zilizoibuka baadaye. Hapo katikati, ankara ilikaa kwenye meza ya nani na kwa muda gani, hakuna takwimu ya mtandaoni itakayokuambia. Lazima uende masjala, uombe majalada, ukae na wahasibu wakueleze. Nauli, posho za wasaidizi, malazi, vyote vinataka fedha ambayo msomi anayeanza hana.

Fani yetu inajua faida ya kuifuata hela hadi mwisho wa safari yake. Uchunguzi uliofanywa Uganda kwenye shule za msingi zipatazo 250 ulionyesha kwamba kati ya 1991 na 1995 shule zilipokea kwa wastani asilimia 13 tu ya ruzuku ambayo serikali kuu ilizitengea kwa ajili ya matumizi yasiyo ya mishahara. Ukisoma bajeti pekee usingeliona pengo hilo. Lilionekana kwa sababu watu walikwenda shule hadi shule na kulinganisha kilichotumwa na kilichofika. Ndiyo maana ruzuku ndogo ya kazi ya uwandani inaweza kuzaa matunda kuliko fedha nyingi za kununulia programu za kompyuta.

Kilichonifaa kuliko fedha yenyewe ni maoni ya wahakiki wa andiko langu la kuombea ruzuku. Nilikuwa nimepanga kutumia kipimo cha PEFA, ule mfumo wa kutathmini usimamizi wa fedha za umma ambao toleo lake la 2016 lina viashiria 31. Kiashiria cha 22 ndicho cha malimbikizo: kinaangalia deni ni asilimia ngapi ya matumizi yote ya mwaka, na kama serikali ina utaratibu wa kulifuatilia. Mhakiki mmoja akaandika kwamba asilimia ya taifa zima inaficha nani anasubiri. Wizara mbili zinaweza kuwa na deni sawa, moja ikiwa inadaiwa na kampuni kubwa yenye mkopo benki, nyingine ikidaiwa na wauzaji wadogo ambao mwezi mmoja tu wa kusubiri unafunga biashara. Akanishauri nipime ankara moja moja.

Ushauri huo ulibadilisha utafiti wote. Nakumbuka hati moja ya malipo iliyokuwa na mihuri minne: ankara kupokelewa, mkuu wa idara kuidhinisha, mkaguzi wa ndani kupitia, fedha kulipwa. Mihuri mitatu ya kwanza ilikuwa ya wiki moja. Wa nne ulikuwa wa mwaka wa fedha uliofuata. Makaratasi yalikuwa sawa na kila ofisa alikuwa ametimiza wajibu wake, ila fedha ya kasma ile, yaani fungu lile la bajeti, haikutolewa hadi mwaka ukafungwa. Kuanzia hapo niliacha kuuliza maofisa wanachelewa wapi, nikaanza kufuatilia hazina ilitoa fedha lini.

Mfadhili pia alitukusanya kwenye warsha, mwanzoni, katikati na mwishoni, kila mmoja akiwasilisha mbele ya wasomi wazoefu. AERC, taasisi ya kukuza utafiti wa uchumi barani Afrika iliyoanzishwa 1988 na yenye makao yake Nairobi, inajulikana kwa utaratibu wa namna hiyo: unaleta andiko, unarudi na kazi inayoendelea, kisha ripoti ya mwisho. Kwa mtu ambaye msimamizi wake wa uzamivu ameshampungia mkono, kupata mlezi wa kitaaluma anayesoma rasimu zako mstari kwa mstari ni jambo kubwa. Wangu alinirudishia jedwali moja mara kadhaa hadi alipoelewa kila safu imetoka wapi. Ningempa alama zote.

Sasa malipo. Hapa nina malalamiko, na nayasema kwa uzito wote. Fedha ilikuja kwa awamu tatu: ya kwanza ndogo baada ya kusaini, ya pili baada ya ripoti ya katikati, na ya tatu baada ya ripoti ya mwisho kukubaliwa. Zote zilipitia akaunti ya chuo, ambacho nacho kilikata sehemu yake ya gharama za uendeshaji kabla sijagusa chochote. Wakati huohuo wasaidizi wa utafiti wanataka posho kila wiki, na ni haki yao. Awamu ya pili ilipochelewa, kazi ya uwandani ilisimama huku vibali vya kuingia ofisini vikikaribia kuisha muda. Nilivuka kwa sababu nina mshahara wa kufundishia. Asiye na mshahara angekopa au angeacha.

Hili linaniuma kwa sababu ni fani yetu wenyewe inayofundisha kwamba bajeti isiyotolewa kwa wakati si bajeti ya kutegemewa. Kiashiria cha kwanza cha PEFA kinatoa alama ya juu pale matumizi halisi yanapokuwa kati ya asilimia 95 na 105 ya yaliyoidhinishwa, angalau miaka miwili kati ya mitatu. Mfadhili wa watafiti wa fedha za umma angejipima kwa rula hiyohiyo. Ratiba ya malipo inaamua ni nani anaweza kufanya utafiti, na ilivyo sasa inawachuja wasio na ajira kabla hata kamati haijasoma maandiko yao.

Muda nao ulianza kuhesabiwa tangu siku ya kusaini mkataba. Kibali cha kamati ya maadili na ruhusa ya wizara vilichukua sehemu kubwa ya muda huo, na utafiti wa utawala hauwezi kukwepa vibali. Gharama ya kuchapisha makala kwa njia huria haikuwemo kwenye bajeti, ingawa mkataba unadai makala isomwe bure. Hilo lirekebishwe.

Soma pia kifungu cha uchapishaji. Rasimu ya mkataba wangu ilisema matokeo yachapishwe kwa ridhaa ya mfadhili. Ukichunguza fedha za serikali, na mfadhili ana uhusiano na serikali hizo, kifungu hicho kinaweza kuizika kazi yako. Niliomba kibadilishwe, mfadhili awe na haki ya kusoma na kutoa maoni bila kuwa na haki ya kuzuia. Walikubali bila ubishi, na kwa hilo nawaheshimu.

Mwenye ajira chuoni, na mkuu wa idara aliye tayari kumpunguzia vipindi, asisite kuomba. Asiye na mshahara naye aombe, ila kabla ya kusaini amwandikie ofisa wa ruzuku mambo mawili: awamu ya kwanza ibebe gharama zote za kukusanya takwimu, na muda uanze kuhesabiwa siku kibali kitakapotoka. Mwenzangu mmoja wa kundi letu aliliomba hilo la pili kwa barua fupi, na mkataba wake ukarekebishwa.