Sherehe ya Wahitimu Kurudi Nyumbani, Chuo Kikuu cha Missouri

Nilikwenda Columbia, jimboni Missouri, Marekani, pamoja na shemeji yangu aliyehitimu pale, nikitaka kujua kama sherehe hii ya kila mwaka inastahili safari ndefu na bei ya tiketi. Inastahili, hasa kwa sababu historia yake bado unaipita kwa miguu.

Mwaka 1911 kanuni mpya iliagiza mechi za vyuo za mpira wa miguu wa Kimarekani zichezwe vyuoni, kwa hiyo pambano la vyuo vikuu vya Missouri na Kansas, majimbo ambayo uhasama wao unatokana na mapigano ya mpakani ya karne ya 19, likahamia Columbia kwa mara ya kwanza. Chester Brewer, mkurugenzi wa michezo, akitaka uwanja ujae, aliwaomba wahitimu warudi nyumbani. Walifika zaidi ya watu 9,000, na mechi ikaisha kwa sare ya 3-3. Watu wa Missouri hupenda kusema kwamba ndipo desturi hii ilipozaliwa. Ningefurahi zaidi kama wangetaja pia kwamba Chuo Kikuu cha Baylor cha Texas kiliwaita wahitimu wake mwaka 1909 na kile cha Illinois mwaka 1910, kwa kuwa ukweli huo hauwapunguzii heshima hata kidogo.

Gwaride la Jumamosi asubuhi halina kiingilio, na kwangu lilizidi hata mechi yenyewe. Bendi ya chuo, iliyoanzishwa mwaka 1885, ilipotukaribia, ngoma zilisikika kifuani kabla ya masikioni, na wazee waliokuwa wamekaa kwenye viti vya kukunja wakasimama wote. Baadaye shemeji alinipeleka kwenye nguzo sita zilizosalia baada ya jengo kuu kuungua Januari 1892. Aliweka kiganja kwenye jiwe, akanyamaza kwa muda mrefu, nami sikumharakisha. Siku iliyotangulia tulikuwa tumekula aiskrimu ya Buck's, inayotengenezwa chuoni hapo, ya vanila yenye michirizi ya chokoleti kama mgongo wa chui milia, mnyama ambaye ni nembo ya timu. Ni nzito, tamu bila kukinaisha.

Kasoro niliyoipata ilihusu usafiri. Basi tulilolikatia tiketi kutoka mji wa jirani lilichelewa karibu saa nzima, tukakosa mwanzo wa gwaride. Atakayekwenda na apange chumba Columbia kwenyewe, miezi kadhaa kabla. Sisi cha mwakani tumeshakilipia.