TAHADHARI: Simu za bei poa Piazza Garibaldi, Napoli

Wadau mnaopitia Napoli, iwe mnakwenda kutembea Pompei, mnawahi boti ya Capri au mmeshuka melini, ukitoka tu nje ya kituo kikuu cha treni uko Piazza Garibaldi. Uwanja umechangamka kweli: wauza soksi, miwani na mikoba, watu wa kila taifa, honi haziishi. Zunguka, kula, piga picha. Ila simu usinunue pale. Wala laptopu, wala kamera.

Jamaa anakusogelea na simu ya kisasa mkononi, anaongea chinichini kama mwenye shida. Euro 400. Ukikataa anakupa uishike mwenyewe: inawaka, kamera safi, hata kupiga unapiga. Niliyekuwa naye alipiga kweli, ikaita Dar na ikapokelewa. Bei ikashuka mpaka 120. Jamaa akaitumbukiza kwenye boksi mbele ya macho yetu, akazungusha gundi ya karatasi, na hapo hapo mwenzake aliyekuwa pembeni akaropoka "Polizia!" Hela ikatolewa harakaharaka, boksi likapokelewa, wao hao wakapotelea vichochoroni. Polisi hata mmoja hakuonekana. Hotelini tukafungua: kipande cha kigae kimeviringishwa gazeti, kimekatwa vizuri kabisa kutoshea boksi. Aliyekikata anaijua kazi yake.

Kwa hiyo ule usemi wa "mimi nitaikagua kwanza" haukusaidii kitu. Unayokagua ni nzima. Inabadilishwa baada ya ukaguzi, ikishatoka mkononi mwako kwenda kufungwa. Wenyeji utapeli huu wanauita pacco, yaani kifurushi, na wengine wamefungua wakakuta mbao, chumvi au chupa ya maji. Waliowahi kuuziwa kipande cha sabuni Kariakoo wanaelewa nasema nini.

Na mikoba ya majina makubwa iliyotandazwa chini kwenye shuka? Ni feki, na sheria ya Italia inamtoza faini hata mnunuzi, inaweza kufika euro 7,000. Kwa mkoba!

Ukiona watu wamezunguka kimeza cha karata tatu, pita. Wanaoshinda na kushangilia ni wa kundi moja na mchezeshaji, na wakati umekodoa macho kuna mkono mwingine uko mfukoni mwako. Ukishuka chini kupanda Circumvesuviana, treni ya kwenda Pompei, begi liwe kifuani. Ile treni hujaa mpaka mlangoni na vibaka wanaipenda.

Anayehitaji simu kweli aingie dukani, adai risiti. Corso Umberto, barabara ya maduka, inaanzia hapo hapo uwanjani. Ukiibiwa piga 112, halafu nenda kituo cha polisi ukaandikishe denuncia, yaani taarifa ya wizi, na uondoke na nakala yake, maana bima bila karatasi hiyo hawakusikilizi.